Ziwa Tamu na Ziwa Chungu: Safari ya Siku Nne Kutoka Mombasa Hadi Kisumu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), twapenda mwezi huu kuzungumza nanyi habari ya safari. Kila likizo ya shule ikikaribia, wazazi hutuuliza: Je, yafaa kuwachukua watoto wakatembee nchi, au hiyo ni israfu na kupoteza wakati? Jawabu letu ni kwamba safari yenyewe haina ubaya. Mtu hutazamwa nia aliyotoka nayo, na mwendo wake njiani. Lakini badala ya kuwatolea hotuba, tutawasimulia safari yetu wenyewe, wala hatutaficha aibu iliyomo ndani yake. Mwalimu anayewaonya watu kwa kosa ambalo yeye mwenyewe analificha, huyo hajamdanganya mtu ila nafsi yake.

Siku moja tulikuwa chuoni tukiwasomesha watoto wakubwa mlango wa mirathi. Tukawafahamisha kwamba baba akifa akaacha mtoto mwanamume na mtoto mwanamke, mali hugawanywa mafungu matatu: mawili ya mwanamume, moja la mwanamke. Hapo binti mmoja, umri wake miaka 12, akainua mkono akauliza, "Maalim, na dada asipodai?"

Tukamjibu upesi, kama ilivyo desturi ya waalimu, "Haki haingoji kudaiwa." Watoto wakaliandika neno hilo, nasi tukafunga kitabu. Lakini usiku ule hatukupata usingizi.

Marehemu baba yetu alifariki miaka minane iliyopita. Mama alikuwa ametangulia. Hakuacha warithi ila sisi na dada yetu mmoja, mdogo wetu, aliyeolewa Kisumu zamani. Aliacha nyumba moja ya vyumba vitano, nayo ina wapangaji. Kodi twapokea sisi. Mwaka wa kwanza tulisema nyumba yataka matengenezo. Mwaka wa pili tulisema dada ana mume wa kumtunza. Mwaka wa tatu hatukusema kitu, maana hakuna aliyetuuliza. Hivyo ndivyo dhuluma inavyoingia katika nyumba za watu wanaoswali: haivunji mlango, huingia taratibu, ikakaa, mwisho ikaonekana kama mmoja wa wenyeji.

Asubuhi tulichukua daftari tukapiga hesabu. Miezi ilikuwa 96. Kodi iliyobaki baada ya gharama zote ilikuwa shilingi 9,000 kwa mwezi, jumla yake shilingi 864,000. Theluthi moja, yaani fungu la dada yetu, ni shilingi 288,000. Fedha hizo hatukuwa nazo. Tukauza kipande cha shamba, tukapata shilingi 150,000, tukazitia katika bahasha pamoja na daftari. Mama wa nyumba yetu ndiye aliyejua siri hiyo. Watoto waliambiwa tu kwamba tunakwenda kumzuru shangazi yao, nao wakafurahi sana, kwa kuwa hawajapata kuliona ziwa.

Tulikuwa watu wanne: sisi, mama wa nyumba yetu, kijana wetu wa miaka 24, na binti yetu wa miaka 11. Gari dogo tuliazima kwa jamaa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu watatu au zaidi wakisafiri wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Sisi tulimfanya kijana wetu, kwa sababu ndiye dereva, na mwenye kushika usukani ndiye aijuaye hali ya gari na ya njia. Wakati huo hatukudhani kwamba uamiri huo utatugeukia sisi wenyewe.

Tulitoka Mombasa siku ya Alhamisi baada ya swala ya alfajiri. Kutoka Mombasa hata Nairobi ni takriban kilomita 480, na njia imejaa malori yanayopanda na kushuka kwa ajili ya bandari. Tulipofika Mackinnon Road tulisimama katika msikiti ulio karibu na reli, tukawaombea maiti wetu. Watoto tukawaeleza kwamba reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Wengi wa vibarua walioijenga waliletwa kutoka Bara Hindi, na Waislamu wa Punjab walikuwamo kwa wingi. Takriban 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba. Leo mtu hupita mahali pale kwa saa chache akilalamika kwamba kiti chake si laini.

Baada ya Voi, nchi ya Tsavo ilitandaa kulia na kushoto, udongo mwekundu kama ukoko wa matofali, na tembo nao wamekuwa wekundu kwa kujimwagia vumbi lake. Mtito Andei tulisimama tukaswali adhuhuri na alasiri pamoja, kila moja rakaa mbili. Binti yetu akauliza kama hiyo si kumpunguzia Mwenyezi Mungu. Tukamwambia kwamba hiyo ni sadaka aliyowapa waja wake wasafiri, na mtu muungwana haikatai sadaka ya Mola wake. Magharibi ilitukuta Nairobi.

Ijumaa tulihudhuria katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Msafiri halazimiki kuswali Ijumaa, lakini akiiswali yamtosha, na hasara ni yake mwenye kuwa karibu na mlango wa msikiti ule asiingie. Kuba zake na minara yake vimesimama katikati ya majumba marefu ya biashara, na baada ya swala watu humiminika barabarani, matajiri na wachuuzi, bila ya kujua nani ametangulia kutoka.

Alasiri tulishika njia ya kuteremkia Bonde la Ufa. Ewe msomaji, kama hujapata kuiona teremko ile, jua kwamba lugha yetu haitoshi kuieleza. Nchi hukatika ghafla mbele ya macho, na chini kabisa huonekana uwanda mpana, na mlima wa Longonot umesimama peke yake na mdomo wake wazi. Njia hiyo ilijengwa wakati wa Vita vya Pili na mateka wa Kitaliano. Kando ya barabara lipo kanisa dogo sana ambalo mateka hao walilijenga mwaka 1942. Dini yao si yetu, lakini tuliwaambia watoto walitazame vizuri: watu wale walikuwa wafungwa, mbali na kwao, kutwa wanavunja mawe, na hata hivyo walitafuta nafasi ya kumkumbuka Muumba. Sisi tulio huru, wenye gari na maji ya kutawadha, aghlabu swala hutupita njiani kwa udhuru wa haraka.

Tulilala Naivasha. Jumamosi asubuhi tulikwenda ziwani. Maji yalikuwa yametulia, mafunjo yamesimama ukingoni, ndege wa kila namna, na viboko wakitoa pua na masikio tu. Kuzunguka ziwa yako mashamba makubwa ya maua, na waridi zake husafirishwa kwa ndege hata Ulaya. Maji ya Naivasha ni matamu, na watu huvua samaki humo.

Kutoka hapo tulipita Elementaita, tukaliona likimetameta upande wa kushoto wa njia, kisha tukafika Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Maziwa haya mawili si kama Naivasha. Maji yake ni ya magadi, makali, hayanyweki. Binti yetu akataka kujua: Kwa nini maziwa yaliyo jirani namna hii, moja likawa tamu na mengine chungu?

Mzee mmoja mwenyeji, aliyekuwa amekaa karibu nasi, akamjibu. Akasema, "Mwanangu, maziwa yote haya hayana mto wa kutoka. Lakini Naivasha lina njia yake chini ya ardhi. Maji huingia kwa mito, na mengine hupenya chini yakaenda zake, yakachukua na chumvi. Elementaita na Nakuru hupokea tu. Maji huingia, jua huyanyonya, chumvi hubaki. Kinachoingia kisitoke huwa kichungu."

Mzee yule hakuwa akitoa mawaidha. Alikuwa akimweleza mtoto habari ya maji. Lakini sisi tulihisi bahasha iliyokuwa mfukoni mwetu kana kwamba imekuwa jiwe.

Tukamwuliza habari za heroe, wale ndege wekundu waliolipa ziwa Nakuru sifa ulimwenguni. Akasema wamepungua sana kuliko zamani. Tangu takriban mwaka 2010 maziwa ya bonde hili yamekuwa yakipanda. Maji mapya yalipozidi, magadi ya Nakuru yakapungua ukali, na mwani ambao heroe hula ukapungua vile vile, nao wakahamia maziwa mengine, kama Bogoria. Miti ya kandokando imekufa imesimama majini, na watu waliokuwa wamejenga karibu na ukingo wamelazimika kuhama. "Wengine walidhani ziwa limewaachia ile nchi," akasema mzee. "Kumbe lilikuwa halijarudi tu kuchukua chake."

Basi tulipotoka pale hatukuwa na utulivu tena. Alasiri ilikuwa imekwisha, na kutoka Nakuru mpaka Kisumu zimebaki kama kilomita 185. Tukamwambia kijana wetu atie mafuta tuendelee usiku ule ule.

Akasema, "La, Baba. Tutalala hapa."

Tukamwambia kwamba tuna jambo zito huko tuendako, wala halifai kungoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Baba, sijui una haraka ya nini. Lakini wewe ndiye uliyenifanya amiri. Njia ya mbele ina teremko na malori, nami nimechoka. Shangazi atapenda zaidi tufike kesho tukiwa wazima."

Tulikasirika, twakiri. Mzazi wa miaka hamsini na kitu kuambiwa "la" na mwanawe ni jambo gumu. Mama wa nyumba yetu akatutazama tu, asiseme neno. Tukaenda kuswali, na katika sijda ndipo tulipoiona nafsi yetu. Miaka minane hatukuwa na haraka. Leo twataka kuwatia watoto katika hatari kwa ajili ya usiku mmoja, nasi twaiita hiyo ni hima ya kutimiza haki! Haraka ile haikuwa kwa ajili ya dada yetu. Ilikuwa kwa ajili ya kifua chetu, ili tutue mzigo tulale. Tukarudi tukamwambia kijana wetu, "Amiri ni wewe." Tukalala Nakuru.

Asubuhi ya Jumapili, tulipoipita Salgaa tukafika Sachangwan, tulifahamu alilokuwa akiliogopa. Mahali pale, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Mwenyezi Mungu atulinde na umaskini unaomsukuma mtu motoni kwa ajili ya debe la mafuta. Malori yalikuwa yakiteremka polepole, yanatoa moshi wa breki. Kijana wetu hakusema, "Nilikuambia." Na hilo tulilihesabu katika adabu zake.

Penye njia panda ya Mau Summit tulishika mkono wa kushoto. Kericho ilitupokea kwa baridi na mvua nyembamba, mashamba ya chai yamefunika vilima kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Kisha njia ikaanza kuteremka, joto likarudi, tukaingia uwanda wa Kano na majaruba ya mpunga ya Ahero, na adhuhuri tukaliona ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo Kenya, Uganda na Tanzania zimeshirikiana. Binti yetu, mtoto wa pwani, akasema, "Kumbe bahari haikwisha Mombasa!" Akachovya kidole akaonja, akacheka kwa kuwa halikuwa na chumvi. Na ziwa hili lina mlango wa kutokea: maji yake hutoka kule Jinja yakawa mto wa Nile, yakanywesha watu mpaka Misri.

Dada yetu alitupokea kwa furaha na samaki wa kupaka. Tulipokwisha kula, tulimwomba yeye na mume wake wakae, na watoto wetu nao wakae. Tulikuwa tumekusudia kusema faraghani, lakini tuliona kwamba kosa lililofanywa mbele ya nyumba nzima lafaa kutubiwa mbele ya nyumba nzima. Tukatoa daftari, tukamsomea hesabu yote, mwezi kwa mwezi. Tukaweka bahasha mbele yake. Tukamwambia, "Dada, hii ni haki yako, nasi tumeikalia. Hapa ziko 150,000. Zimebaki 138,000, nazo tutazilipa 6,000 kila mwezi, miezi 23. Na kuanzia mwezi huu, fungu lako la kodi, shilingi 3,000, litakufikia kwa simu siku ile ile wapangaji walipayo. Twakuomba utusamehe."

Hakulia, wala hakusema haraka kwamba amesamehe. Alikaa kitambo, akiitazama bahasha. Kisha akasema, "Kaka, mwaka ule mume wangu alipolazwa, niliuza cherehani yangu. Nilitaka kukupigia simu. Nikasema, kaka ni mwalimu, anajua. Atakumbuka mwenyewe."

Ndugu msomaji, tumepata kusomewa maneno mengi ya kutisha katika maisha yetu, lakini hatukumbuki neno lililotuingia kama hilo: "Kaka ni mwalimu, anajua."

Akazihesabu fedha zote, noti kwa noti, mbele yetu. Wako watu ambao wangeona hilo ni utovu wa heshima. Sisi twaona ndiyo sheria, na ndiyo iliyotupa faraja, maana mtu huhesabu kilicho chake. Kisha akaomba makubaliano ya deni lililobaki yaandikwe, na mume wake pamoja na kijana wetu wakaweka saini kuwa mashahidi. Tulipokuwa tukiagana, baada ya siku mbili, ndipo alipotushika mkono akasema, "Nimekusamehe, Kaka. Lakini usiikate ile ya kila mwezi." Sote tukacheka, na kicheko kile kilikuwa kizito kwetu kuliko machozi.

Kabla hatujafunga mazungumzo haya, tungependa kuwausia mambo machache wenye nia ya kusafiri na watu wao.

Kwanza, jifunzeni fikihi ya safari kabla ya kutoka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari ya halali iliyotimia masafa yake, takriban kilomita 80 na zaidi, inaruhusu kupunguza adhuhuri, alasiri na isha ziwe rakaa mbili mbili. Alfajiri na magharibi hazipunguzwi. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, timiza kama yeye. Na ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kutoka, ruhusa hiyo imekwisha.

Pili, ulizeni kibla. Mombasa twaelekea kaskazini sawasawa, na mtu wa pwani huzoea hivyo. Lakini ukifika Kisumu, Makka imesogea upande wa mashariki ya kaskazini kwa nyuzi kama 13. Mazoea ya nyumbani si hoja kila mahali. Muulize mwenyeji.

Tatu, mkimchagua amiri, mtiini, ijapokuwa ni mtoto wenu. Wala msisafiri usiku kwa sababu ya haraka tu.

Nne, nalo ndilo kubwa, kabla ya kufunga mizigo tazameni mikononi mwenu kama hamna haki ya mtu. Ziko nyumba nyingi katika mwambao wetu ambamo ndugu wa kiume wanakula kodi, minazi na viwanja, na dada zao wamenyamaza. Kunyamaza kwao si kuridhia. Huenda ni haya, huenda ni mapenzi, huenda ni kungoja. Ewe kijana unayesoma ukurasa huu, kama baba yako au ami yako amesahau, mkumbushe kwa adabu. Na wewe uliyeshika daftari, usingoje mtoto wa miaka 12 akuulize chuoni.

Mali ni kama maji ya bonde lile. Yaingiayo na kutoka kwa haki, hubaki matamu. Yaingiayo yasitoke, hugeuka magadi, na mwenye nayo hufa kiu ukingoni.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutimiza amana, na awarehemu wazazi wetu. Wabillahi taufiki. Wassalaam.